Nyufa za Mbuzi wa Meissen



Mwaka 1717, Augustus, mtawala wa Saxony huko Ujerumani, alimpa mfalme wa Prussia askari 600, naye akapewa vyombo 151 vya kauri. Baadhi ya vyombo hivyo vya Kichina bado vimo Dresden, katika jumba la Zwinger. Watu 600 kwa vyombo! Watawala wa Ulaya walikuwa wameinunua kauri kwa miaka mingi bila kujua inatengenezwaje.

Fumbo hilo lilikuwa limeshafumbuliwa na mfungwa. Johann Friedrich Böttger, kijana aliyefunzwa kuchanganya dawa, alijigamba kwamba anajua kutengeneza dhahabu, na Augustus akamweka kizuizini. Dhahabu haikupatikana. Lakini alipofanya kazi pamoja na mwanasayansi Tschirnhaus, walipata kauri ngumu kama ya China, na mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa Meissen. Böttger alifariki 1719, akiwa na miaka 37 tu.

Kisha Augustus akataka wanyama wa kauri wenye ukubwa wao halisi, agizo zito kwa tanuri lolote. Mbuzi aliyefinyangwa na Johann Joachim Kändler mwaka 1732 yupo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Manyoya yake yametengenezwa shungi kwa shungi, na mwilini mna nyufa. Donge kubwa kiasi kile halikauki sawasawa. Likiingia motoni, hupasuka. Mfinyanzi yeyote aliyepo hapa anaijua hasara hiyo, na ndiyo maana mbuzi huyu anafundisha kuliko kazi nyingi zisizo na dosari.

Wala kiu ya kauri haikuwa ya wafalme wa Ulaya peke yao. Kunduchi, jijini Dar es Salaam, wazee wa pwani walipachika bakuli za Kichina kwenye nguzo za makaburi.

Tukirudi Meissen, chini ya vyombo vyake huchorwa panga mbili za buluu. Zinataja kiwanda, hazimtaji fundi. Ombi kwenu, wanafunzi: mwingiapo makumbusho, msiishie kwenye jina la mnunuzi, ulizeni nani alifinyanga. Na kazi zenu wenyewe ziandikeni majina kabla hazijaingia tanurini.

Baada ya kusema hayo, maonyesho haya sasa yamefunguliwa rasmi.