Odio ya usiku



Usiku mmoja nilipokea odio kwenye WhatsApp: “Watu wa silaha wako njiani, kimbieni!” Nikaituma katika kikundi cha kanisa bila kuuliza. Kabla jogoo hajawika, jamaa tatu walikuwa wameingia porini na watoto, katika mvua. Asubuhi tukajua: odio ilikuwa ya mwaka uliopita, tena ya mahali pengine. Nikapita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha.

Kutoka 23:1 inatukataza uvumi. Neno hilo linamgusa anayeubeba pia, si mtungaji tu.

Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikono mingi. Tangu 2020, ujumbe wa namna hiyo WhatsApp inakubali uutume sehemu moja tu kwa mara moja. Mashine imewekewa kizuizi. Na kidole cha Mkristo je?

Kabla ya kutuma, uliza: nani amesema? Lini? Wapi? Pigia simu mtu aliye huko. Hatari ikiwa ya kweli, mjulishe chefu wa kijiji mara moja, maana kunyamaza nako ni kosa.

Mungu awabariki. Amina.