Mchoraji Aliyekataa Kutia Sahihi

(Hotuba iliyotolewa bwaloni, Siku ya Wahitimu)



Niliagizwa niseme juu ya masomo yangu Marekani. Nilisomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, na habari za mbolea nitawasimulia wakati wa chai. Leo alasiri tutapiga kura kama picha hii ya ukutani nyuma yangu ipakwe chokaa au ibaki. Kwa hiyo nitasema juu ya mchoraji.

Jina lake John Steuart Curry. Alizaliwa mwaka 1897 shambani huko Kansas, jimbo la ngano na ng'ombe. Alichorea magazeti ili apate riziki, akaenda Paris kujifunza zaidi, na mwaka 1928 akachora picha iliyompa jina: ubatizo wa watu wa Kansas ndani ya birika la kunyweshea mifugo. Mwaka uliofuata akachora familia ikikimbilia handaki, kimbunga kinakuja, wavulana wamekumbatia paka na watoto wa mbwa. Mjini New York alisifiwa. Kwao watu walinuna: kwa nini anatangaza vimbunga vyetu?

Mwaka 1936 Wisconsin ilimwajiri awe mchoraji wa Chuo cha Kilimo, atembelee wakulima na kuwatia moyo wale wanaopenda kuchora. Kilimo, mabwana! Ndiko nilikolisikia jina lake.

Mwaka 1937 Kansas nayo ikamwita achore kuta za jengo la Bunge la jimbo, mjini Topeka. Akamchora John Brown, Mzungu aliyeshika silaha kupinga utumwa na kunyongwa mwaka 1859. Jitu zima, mikono imetanuliwa, Biblia huku, bunduki huku, ndevu zinapepea. Nyuma yake kimbunga na moto wa nyika, miguuni askari waliokufa. Lawama zikaanza. Mara mikia ya nguruwe haikujikunja sawasawa, mara fahali ni mwekundu mno, mara sketi ya mama mlowezi ni fupi. Mtu aliyekulia zizini anafundishwa mkia wa nguruwe!

Kilichomshinda hasa ni marumaru. Picha nane alizokusudia kuchora chini ya kuba zilihitaji mabamba ya marumaru yabanduliwe ukutani, na mwaka 1941 wabunge wakakataa. Curry akaona kazi haikukamilika. Akaondoka bila kutia sahihi kwenye picha ya John Brown. Alifariki mwaka 1946, umri miaka 48. Bunge la Kansas lilimwomba radhi mwaka 1992.

Picha nyingine, ya watumwa walioachiwa huru, alikuwa ameikusudia kwa Wizara ya Sheria kule Washington. Ikakataliwa kwa kuogopa ugomvi wa rangi. Madison wakampa ukuta katika maktaba ya sheria, akaimaliza mwaka 1942. Mimi, mwanafunzi wa mbolea, nilikuwa najipenyeza humo jioni, nafungua kitabu, sisomi. Natazama ukutani mpaka taa zizimwe.

Sasa hii yetu. Inatuonyesha sisi kwenye foleni ya uji, na sahani za bati, wembamba kama fito. Nimesikia kwamba inatia aibu mbele ya wageni. Mimi ndiye yule wa tatu, mwenye shati lililochanika begani. Shati lilikuwa limechanika kweli, tena nilikuwa nalo hilo moja tu.

Aliyeichora amekaa safu ya nne. Tangu asubuhi hajasema neno, na sahihi yake hamtaiona pale ukutani, nimeitafuta.

Kura yangu nimekwisha iandika.