PUMU: TUSIZIME MOSHI TUKAUACHA MOTO

(Hotuba ya mganga mmoja wa zahanati mbele ya wanachama wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya pumu, nami nitaanza kwa kuungama kosa langu. Kwa miaka mingi mgonjwa aliponijia kifua kikilia filimbi, nilimpa bomba la salbutamoli. Akavuta, akapata nafuu, akaenda zake. Baada ya mwezi akarudi, nikampa jingine. Yeye alishukuru, nami nilijiona mganga hodari. Kumbe nilikuwa nikizima moshi na kuuacha moto ukiwaka.

Sababu ni hii. Njia za hewa za mwenye pumu huwa zimevimba ndani hata siku anayocheka na kucheza ngoma. Salbutamoli hulegeza misuli inayozibana njia hizo, lakini uvimbe hauugusi. Dawa ya uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beclometasoni au budesonidi, nayo hutumiwa hata mtu anapojiona mzima. Mwaka 2019 wataalamu wa pumu wa dunia, GINA, waliacha kushauri watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamoli peke yake, maana anayeitegemea hiyo tu yumo katika hatari ya kushikwa ghafula na kufa. Mwaka huo huo, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliua watu 455,000, na wengi walikuwa wa nchi maskini.

Nawasikia watu wakisema, "Bomba ukilizoea hutaliacha." Ndugu zangu, bomba halimlevyi mtu. Ni ugonjwa unaorudi. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja mapafuni, hivyo kiasi chake ni kidogo kuliko cha vidonge. Ukisha kuvuta steroidi, sukutua kinywa uteme maji.

Mama mwenye mtoto asikate tamaa kwamba mtoto hajui kuvuta. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita yafaa sana. Kitako hutobolewa tundu la kubana mdomo wa bomba barabara. Tikisa bomba, bonyeza mara moja, mtoto apumue taratibu mara tano au sita kwenye mdomo wa chupa. Mwombe mganga akutengenezee na akuonyeshe.

Lakini si kila kifua ni pumu. Bibi aliyepika kwa kuni miaka arobaini katika jiko lisilo na dirisha, mzee mvuta sigara, na aliyepona kifua kikuu, huweza kupata ugonjwa wa mapafu usioondoka. Mwaka 2019 ugonjwa huo uliua zaidi ya watu milioni 3. Dawa humpunguzia mtu taabu, lakini kuacha sigara na kuukimbia moshi ndiko kunakoyaokoa mapafu yaliyobaki. Na kikohozi kikipita wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu kwanza.

Jueni pia dalili za hatari: mgonjwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinabonyea, midomo inageuka rangi. Hapo msingoje asubuhi. Mketisheni wima, mpeni salbutamoli, na mtafute gari huku akiendelea kuivuta.

Waganga wenzangu, tusimpe mtu bomba bila kumwambia, "Hebu nionyeshe unavyovuta." Wengi hupuliza dawa ulimini, kisha tunailaumu dawa. Nanyi wanachama, ulizeni zahanatini kwenu kama dawa ya kuzuia ipo, au ile ya kutuliza tu. Kama haipo, lisemeni jambo hilo mkutanoni kama mnavyosema habari ya kisima na barabara. Mtu asiyepata pumzi hana sauti ya kujisemea, sisi tunayo.