Chakula cha Watoto Wetu ni Amana



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, Mwenyezi Mungu alipotuamrisha katika Suratul Baqara kula vya ardhini, hakuweka sharti la halali peke yake. Aliongeza na la uzuri. Sharti la kwanza tumelishika: nyama tusiyojua imechinjwa vipi hatuili. La pili wengi wetu tumelisahau, hasa katika vile tunavyowapa watoto.

Tuwatazame wanapotoka chuoni. Mikononi mwao mna ubuyu uliokolezwa rangi nyekundu, peremende za kila namna, na barafu za rangi ya chungwa ambazo chungwa halikuzigusa. Baadaye mtoto hatulii, hasikii, wala somo halimkai. Nasi twainua bakora.

Je, yote hayo ni utundu? Katika miaka ya 1970 tabibu wa Marekani, Benjamin Feingold, alisema kwamba rangi na ladha za viwandani huwaondolea baadhi ya watoto utulivu. Wengi walimpinga. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walitangaza majaribio yao kwa watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 hadi 9. Wiki nyingine watoto walipewa kinywaji chenye rangi hizo pamoja na sodiamu benzoeti, dawa ya kuzuia kuoza. Wiki nyingine kisicho nazo. Na wazazi hawakujua ni kipi. Kwa jumla, mchanganyiko huo ulionekana kuzidisha kutotulia. Tangu Julai 2010, Umoja wa Ulaya umelazimisha vyakula vyenye rangi sita, tartrazini ikiwa mojawapo, viandikwe onyo kwamba vyaweza kudhuru utulivu na usikivu wa mtoto.

Lakini uadilifu ni wajibu. Athari iliyoonekana ni ndogo, na watoto hawalingani: mmoja huathirika, nduguye asiathirike. Si kila mtoto mtundu ameharibiwa na peremende, wala si haki yetu kuharamisha kwa dhana alichokihalalisha Mola wetu. Tunalousia ni uangalifu.

Basi, enyi wazazi, someni maandishi ya pakiti kabla ya kununua. Tartrazini huandikwa pia E102. Mtoto asiyetulia mwondoleeni vitu hivi kwa wiki chache, mumtazame. Asipobadilika, mpelekeni kwa daktari, msimwite mtoto mbaya. Nanyi mnaopika ubuyu na kuuza barafu, punguzeni rangi. Ubuyu una ladha yake aliyoumbiwa, na chungwa lina rangi yake.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Tutajibu nini, ikiwa tulimpiga mtoto kwa jambo ambalo huenda tulilinunua sisi wenyewe, kwa fedha zetu, tukamtia mkononi?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali iliyo nzuri, awape watoto wetu afya na utulivu, na atupe sisi subira katika malezi yao. Amin.

Wabillahi taufiq.