Kitanda cha Mgeni na Kitanda Chetu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wa Ukunda na Diani. Twayapiga chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.)



Twajua wengine wenu mmetoka zamu ya usiku na hamjalala bado, na wengine mnatakiwa jikoni saa kumi. Basi hatutawaweka sana. Jambo tulilo nalo leo ni moja tu, nalo ni mahali pa kulala.

Kazi yetu sisi ni kuwalaza watu. Twatandika vitanda, twafua shuka, twafagia vyumba, na usiku twalinda mlango mgeni apate usingizi wake. Lakini kila mwaka, mfanya kazi anayetandika kitanda hicho husukumwa mbali zaidi na pwani kutafuta chumba anachoweza kukilipa. Aliyekaa Ukunda karibu na barabara amehamia ndani Mvindeni, na wa Mvindeni anatazama mbele zaidi. Wenzetu wa Nyali na Bamburi wamekwenda Mtopanga na Utange. Wenzetu wa Watamu wanatafuta vyumba Timboni na Gede. Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni amekuja, nasi twamkaribisha kwa moyo, kwa maana yeye ndiye riziki yetu. Swali letu ni kama mwenyeji amepona.

Kwanza tutazame bei ya viwanja inapanda kwa nini. Kiwanja hakipandi bei kwa sababu mchanga umekuwa mweupe zaidi. Kinapanda kwa sababu njia zimefunguka. Reli mpya ya kutoka Nairobi ilianza kuchukua abiria mwaka 2017. Mwaka 2024 magari yalianza kupita Dongo Kundu kuja Kwale bila kungoja feri ya Likoni. Ndege za Nairobi zinashuka hapa hapa Ukunda. Kadhalika sheria ya mwaka 2020 ya kumiliki sehemu za jengo imefanya iwe rahisi mtu kununua orofa moja tu ya ghorofa na kupewa hati yake. Basi tajiri wa Nairobi, au Mzungu aliyestaafu, au Mkenya anayefanya kazi Ulaya, ananunua orofa mbili, anakaa wiki mbili kwa mwaka, na siku zilizobaki anaikodisha kwa wageni, usiku mmoja mmoja, kwa njia ya Airbnb na kampuni nyingine za namna hiyo.

Na ardhi yenyewe ina historia, ambayo yafaa vijana waijue. Mwaka 1908 Serikali ya Kiingereza iliweka Sheria ya Hati za Ardhi katika ukanda huu wa pwani. Kila mwenye kudai shamba alitakiwa alete dai lake kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Serikali. Wadigo, Wagiriama na ndugu zao wengine walishika ardhi kwa ukoo na si kwa karatasi, na wengi wao hawakupata hati. Ndiyo maana mpaka leo mtu aliyezikwa babu yake mahali fulani huitwa skwota mahali hapo hapo. Baada ya Uhuru viwanja vingi vya pwani vilikwenda kwa wakubwa, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza wazi jinsi ardhi ya umma katika nchi nzima ilivyogawanywa kinyume cha sheria. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba bei ya kiwanja ni jambo la soko tu, tumjibu kwa adabu kwamba soko hilo lilifunguliwa kwa kalamu ya Serikali.

Sasa tuje kwenye mshahara. Tuseme mwenzetu ana mshahara wa msingi wa Sh. 20,000, na posho ya nyumba ni asilimia 15. Hiyo ni Sh. 3,000. Siku alipoajiriwa, chumba kilikuwa Sh. 3,000, akalala pasipo deni. Ghorofa zikajengwa jirani, wajenzi na wageni wa kazi wakaja kutafuta vyumba, mwenye nyumba akapandisha kodi hata Sh. 5,000. Posho ni ile ile. Zile Sh. 2,000 zinatoka wapi? Zinatoka katika unga wa watoto. Basi hata kama mshahara haukukatwa hata senti moja ofisini, umekatwa mlangoni kwa mwenye nyumba.

Tena mwenye nyumba hajui msimu. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, hoteli zimejaa. Masika yakiingia Aprili, wageni huondoka, na baadhi ya matajiri huwaambia watu wao wakapumzike nyumbani bila malipo mpaka Julai. Lakini kodi ya chumba haipumziki. Na tumeona mara nyingi kwamba msimu waweza kukatika ghafula. Mwaka 1997 fujo za Likoni zilifunga mahoteli. Mwaka 2014, baada ya maonyo ya nchi za Ulaya, wageni waliondolewa pwani na wenzetu wengi wakapoteza kazi. Nchi yetu ilipata wageni zaidi ya milioni 2 mwaka 2019, na mwaka uliofuata, wa ugonjwa wa korona, hawakufika hata 600,000. Siku hizo bei ya viwanja haikuanguka kama mishahara yetu ilivyoanguka. Mwenye kiwanja alingoja tu. Mwenye tumbo hawezi kungoja.

Ndugu zetu, hilo ndilo jambo la kwanza. La pili ni zito zaidi, kwa maana lagusa kazi yenyewe.

Hoteli moja kubwa huandika watu mia na zaidi, nao hukaa pamoja, hula pamoja, huchagua mwakilishi wao wa chama, na mapatano yao hutiwa sahihi. Lakini hoteli kuukuu ikifungwa, kiwanja chake kikauzwa, na ghorofa za kukodisha zikajengwa pale, wageni watakuwa wale wale na bahari ile ile, bali wafanya kazi watakuwa wametawanyika. Hapa mpishi mmoja, pale mtunza bustani mmoja, kule askari wa usiku. Kila mmoja ana tajiri wake, au hamjui tajiri wake ni nani. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hawa ni vidole vilivyotenganishwa mmoja mmoja.

Twataka tuwaeleze habari ya mzee mmoja, jina lake hatulitaji. Alipika katika nyumba ya pwani miaka 18. Alilala katika chumba cha nyuma. Mwenye nyumba alipokufa huko Ulaya, watoto wake waliiuza. Mnunuzi alikuja na dalali siku ya Jumamosi, akatazama bwawa la kuogelea, akatazama jiko, akatazama kile chumba cha nyuma, akauliza, "Na huyu?" Dalali akajibu, "Huyu atatoka." Mzee alikuwa amesimama hapo hapo na sinia ya chai mkononi. Siku moja alipoteza kazi na kitanda pamoja. Alipewa nauli, akashukuru, akaenda zake. Alikuja kwetu miezi mingi baadaye, wala hakuja kudai kitu. Alikuja kuuliza kama kuna hoteli inayotaka mpishi.

Sasa sikilizeni yale ambayo hakuambiwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mtu akiondolewa kwa kuwa kazi yake imekwisha, apewe notisi ya mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka alioutimiza. Miaka 18 mara siku 15 ni siku 270. Mzee wetu alistahili karibu miezi tisa ya mshahara, akaondoka na nauli. Sheria hiyo hiyo yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mapatano ya maandishi. Yeye hakuwa na karatasi hata moja, na sisi chama hatukumjua. Kosa ni la waliomtoa, lakini nasi tuna sehemu yetu. Katika miaka 18 hapana hata mmoja wetu aliyegonga lango lile kuuliza ni nani anayefanya kazi mle ndani.

Basi tufanye nini? Tunaleta kwenu mambo manne.

La kwanza, posho ya nyumba. Watu wengi hudhani ni sadaka ya tajiri. Sivyo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira chasema tajiri atoe nyumba ya kufaa karibu na kazi, au atoe fedha za kutosha kulipia nyumba ya kufaa, juu ya mshahara. Tazameni neno hilo: za kutosha. Katika mapatano yajayo tusibishane juu ya asilimia peke yake. Kila mwanachama alete stakabadhi yake ya kodi, tuzikusanye, tuziweke mezani mbele ya matajiri, tuwaulize kama fedha wanazotoa zinatosha. Msiogope kwamba jambo hili ni geni. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, taabu ya nyumba na kodi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatoa kazini. Walitembea kwa miguu njia tunayoipita sisi kwa matatu.

La pili, kuandikisha wenzetu wa majumba na maghorofa. Kila mwanachama wa hoteli anamjua mpishi au askari wa nyumba ya jirani. Amlete. Na tuulize swali moja: ni nani anayelipa? Mara nyingi wakala mmoja anasimamia nyumba nyingi na kulipa watu wote. Huyo tukimpata, wale waliotawanyika wanaweza kuwa kundi moja mbele ya mtu mmoja.

La tatu, ununuzi wa viwanja. Wengi wenu mnaweka akiba katika vyama vya ushirika mpate kununua kipande huko ndani. Ni jambo jema sana. Lakini msimpe dalali hata senti kabla ya kwenda ofisi ya ardhi kutazama rejista, kujua mwenye hati ni nani na kama kuna deni juu yake. Mwulizeni mzee wa mtaa, waulizeni wanaolima pale. Kumbukeni pia desturi ya pwani ya nyumba bila ardhi, ambapo mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na kulipa kodi ya ardhi. Ni desturi ya zamani na imewastiri wengi, lakini bei ikipanda, mwenye ardhi aweza kukumbuka kwamba ardhi ni yake.

La nne, njia za kwenda baharini. Katiba ya mwaka 2010 yasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ukuta ukijengwa ukaziba njia ya wavuvi, jambo hilo si la wavuvi peke yao. Mvuvi huyo ndiye anayetuuzia samaki, na mara nyingi ndiye baba wa mwanachama wetu.

Neno la mwisho, nalo ni la kweli ijapokuwa laweza kuuma. Baadhi yetu humu ndani tumejenga vyumba vya kupangisha. Si dhambi, mtu amejinyima akajenga. Lakini masika yakija, na mpangaji wako amerudishwa nyumbani bila mshahara, kumbuka kwamba ni mwanachama mwenzako. Mngoje. Tukiwadai matajiri wawe na utu, nasi tuanze nyumbani.

Sasa Katibu atapitisha daftari mbili. Moja ni ya stakabadhi za kodi. Ya pili ni ya majina ya wenzetu walio peke yao nyuma ya malango ya pwani. Tusiondoke kabla ya kila mtu kuandika jina moja.