Ekseli ya Land Rover ya Shule



Imependekezwa tuinunulie Land Rover ya shule, Series II ndefu, shafti ngumu za nyuma. Napinga. Shafti yake ina meno 10 tu upande wa difu, ndiyo maana hukatika kwanza. Ukiitia ngumu, kishindo huhamia kwenye krauni na pinyoni, navyo ni ghali zaidi.

Afadhali ekseli nzima ya Salisbury kutoka Series III ndefu: shafti za meno 24, difu kubwa. Ni nzito, nakubali. Lakini isitoke kwenye 110. Hiyo ni 3.54, yetu ya mbele 4.7. Ukitia magurudumu manne, mbele na nyuma vitavutana mpaka kimoja kivunjike.

Fedha za shafti zitunzwe. Tuitafute kabla ya masika.