Tarehe ya kuzima stima iliandikwa na nani?

Wenzangu, mjadala wa jumuiya za kikanda ukianza, kambi ni mbili. Moja inalia, "Tumeuza uhuru wetu!" Nyingine inajibu, "Tulitia saini, basi." Leo tuangalie Lithuania, nchi ndogo kule Baltiki, ndio tuone swali ambalo kambi zote mbili huruka.

Lithuania ilikuwa na kituo cha nyuklia cha Ignalina, kilichozalisha zaidi ya nusu ya stima yake. Shida ni kwamba mitambo yake ilikuwa ya aina ile ile ya Chernobyl. Umoja wa Ulaya ukasema: mkitaka kuingia, fungeni. Ikaandikwa kwenye mkataba: mtambo wa kwanza ufungwe kabla ya 2005, wa pili kufikia mwisho wa 2009. Umoja nao ungechangia gharama za kufunga. Mwaka 2003, karibu asilimia 91 ya waliopiga kura walikubali uanachama.

Sasa sikizeni. Oktoba 2008 kukaitishwa kura ya maoni nyingine: muda uongezwe? Wengi sana waliojitokeza walisema ndiyo, lakini hawakufika nusu ya wapiga kura wote, kwa hivyo ikaanguka. Na hata ingepita, mkataba ulikuwa ushasainiwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tarehe 31 Desemba 2009 mtambo ukazimwa. Nchi iliyokuwa ikiuza stima nje ikaanza kununua, bei ikapanda, na gesi yake yote ilitoka Urusi. Kituo cha kupokea gesi ya meli pale Klaipėda kilikuja 2014. Hiyo ni miaka mitano hivi ya kubanwa.

Je, walipata hasara tu? Hapana. Februari 2025, Lithuania, Latvia na Estonia zilijitoa kwenye gridi ya Urusi na Belarus, zikaunganishwa na ya Ulaya. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa na Umoja.

Kwa hivyo uhuru wa nchi ndogo hutumika kabla ya saini, pale mezani. Hapa kwetu, laini za stima zinatuunganisha na Uganda, Ethiopia na Tanzania, na mikataba itazidi kuja. Mwanasiasa akikupigia kelele za uhuru ama za umoja, muulize matatu: Mwisho ni lini? Nani analipa? Na siku hiyo ikifika, stima mbadala itatoka wapi?

Akikosa jibu la hilo la tatu, bili ni yako.